Mwalimu Aliyepima Utelezi

Alikuwa na tabia ya kugusa vitu kabla hajavitolea neno. Ukimwonyesha kanga mpya, hakutazama kwanza maua wala maandishi. Alishika pindo akalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, ndipo akasema, "Hii itashika vizuri kiunoni," au kuniambia, "Hii itakuvuka sokoni, Mama Kulwa. Ifue kwanza." Aligusa mbao, ngozi za viatu, sakafu za watu. Wageni walidhani anakagua usafi, wakachukia. Hakuwa na habari na usafi. Alitaka kujua kitu kinashika au kinateleza.

Tuliishi naye ukuta kwa ukuta katika nyumba za walimu za sekondari moja mjini Shinyanga, miaka ya sabini. Mimi nilifundisha Kiswahili, yeye fizikia. Mwanamke wa kufundisha fizikia siku zile alikuwa kitu cha kutazamwa. Wazazi waliokuja kuwaona watoto wao walisimama dirishani mwa maabara wakimshangaa, mtandio umefungwa nyuma ya shingo, mikono ina vumbi la chaki hadi viwikoni. Wanafunzi walimpa jina la Bi Msuguano. Siku moja mmoja alilitamka kwa sauti uwanjani, naye akageuka akaitika, "Abee," akasubiri aambiwe anaitiwa nini. Tangu hapo walilinong'ona tu. Mji mzima ulimwita Mwalimu, na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Fizikia ilitakiwa ifundishwe kwa Kiingereza. Alifundisha hivyo mpaka alipoona macho ya watoto yamezimika, kisha alifunga mlango wa maabara na kuanza upya kwa Kiswahili. Nilikuwa na kipindi jirani, nikamsikia mara nyingi. Aliweka kipande cha mninga juu ya ubao mrefu, akaanza kuinua upande mmoja wa ubao taratibu, na kuwauliza, "Kitaondoka lini?" Ubao ulipanda, kipande hakikuondoka, ukapanda tena, hakikuondoka. Watoto waliacha kupumua. Kisha ghafla kiliporomoka chote kwa mara moja, na yeye alishikilia ubao pale pale ulipofikia ili wapime pembe.

"Mmeona," alisema. "Kikiwa kimetulia kinashikwa kwa nguvu zaidi kuliko kikishaanza kwenda. Kikishaanza kwenda, kukirudisha ni kazi nyingine."

Kijana mmoja wa kidato cha tatu aliwahi kumbishia kwamba kitu kikiwa laini kabisa hakiwezi kuwa na msuguano. Mwalimu hakubishana naye. Alichukua vioo viwili vya dirisha, akavisafisha kwa spiriti, akavibandika kimoja juu ya kingine na kumpa. "Telezesha," alimwambia. Kijana alisukuma, akasukuma tena, jasho likamtoka mbele ya wenzake. "Usikitazame kitu kimoja ukasema kina msuguano au hakina," alimwambia baadaye bila kumcheka. "Uliza kimekutana na nini."

Alichokichukia kuliko vyote ni mwanafunzi kuandika jibu kabla ya kupima. Akikuta matokeo mazuri mno, yaliyonyooka kama yametoka kitabuni, alimwita mwenyewe akapime upya mbele yake, hata kama ni jioni nzima. Matokeo ya pili huwa yamepinda kidogo hapa na pale. Hayo ndiyo aliyoyapa alama zote.

Ungedhani mtu wa namna hiyo hasemi uongo. Nyumbani kwake alisema uongo mchana kutwa. Mgeni asiyemtaka akipiga hodi, alimwambia msichana wa kazi, "Mwambie nimelala," kwa sauti ambayo mgeni aliisikia mwenyewe mlangoni. Umri wake aliniambia mmoja, akamwambia mke wa mkuu wa shule mwingine, na kwenye arusi moja mtaa wa Waswahili nilisikia wa tatu. Nilipomuuliza, alicheka. "Hayo ni maneno ya sebuleni, Mama Kulwa. Hayamwangushi mtu." Alilia akisikiliza taarabu redioni, akaunguza wali karibu kila wiki kwa sababu alisahau jiko akisahihisha madaftari. Alikuwa na kiburi cha wazi. Sikuwahi kumsikia akisema samahani kwa mkuu wa shule, hata siku aliposimama kwenye kikao na kusema sakafu ya bwalo inapigwa nta kwa ajili ya wageni na si kwa ajili ya watoto wanaobeba uji wa moto juu yake. Alikuwa sahihi, lakini alivyosema ilikuwa vibaya, na alijua.

Malori aliyaogopa. Kupanda juu ya mizigo, kama sote tulivyofanya siku zile tukienda vijijini, hakukubali kwa bei yoyote. Alikuwa na baiskeli, na mji ulimsema sana kwa hiyo baiskeli.

Mambo yangu naye yalibadilika kwa sababu ya mdogo wangu, Masanja.

Masanja alikuwa dereva wa lori la chama kimoja cha ushirika, akibeba pamba kutoka vituo vya ununuzi vya upande wa Kishapu kuleta kiwanda cha kuchambulia mjini. Siku ya mvua ya kwanza mwaka ule alikuwa na magunia ya pamba na watu wawili juu ya magunia: mzee mmoja muuza chumvi, na binti aliyekuwa akienda kumsaidia shangazi yake aliyejifungua. Njia inateremka pale hadi kwenye karavati, na udongo ni wa mbuga, mweusi, ule unaokuwa mgumu kama tofali wakati wa kiangazi na ukilowa unakuwa kama sabuni. Ng'ombe walikuwa wakivuka karavati. Masanja alikanyaga breki kwenye mwisho wa mteremko, magurudumu yakafunga, lori likaendelea kwenda. Ng'ombe walishapita lilipofika chini. Liligonga ukingo wa karavati, likalala ubavu. Wale wawili walikufa pale pale.

Polisi walipima michirizi ya matairi kwenye tope. Ilikuwa mirefu, mita arobaini na tano. Mkaguzi wao alipiga hesabu yake akasema lori lilikuwa likienda kilomita themanini kwa saa. Masanja alisema thelathini. Alishtakiwa kwa kusababisha vifo kwa kuendesha kwa hatari, akawekwa rumande. Watu waliotujua walianza kutaja miaka: mitano, saba. Mama yetu kule Didia aliacha kula.

Wakili hatukuwa naye. Nilikwenda kwa Mwalimu jioni moja, nikamkuta anachambua mchele uani, nikamweleza yote. Alisikiliza huku vidole vikiendelea kwenye ungo.

"Huyo mkaguzi alipima barabara inashika kiasi gani?" aliuliza.

"Alipima michirizi."

"Michirizi ni nusu. Mchirizi ule ule ukiwa kwenye lami unasema jambo moja, ukiwa kwenye tope unasema jingine." Aliweka ungo chini. "Naona amechukua hesabu ya barabara kavu."

Nilimwomba aje mahakamani aseme hivyo. Alikataa kusema lolote kabla ya kupima. Kisha akanitazama usoni, na ile sauti ya sebuleni akaiacha.

"Mama Kulwa, sikiliza vizuri. Nikipima, nitasema nilichokiona. Sitasema unachokitaka. Kama unaogopa, tuishie hapa, tunywe chai."

"Siogopi," nilisema. "Mdogo wangu hasemi uongo."

Alirudia mchele wake.

Kupima kwenyewe alinieleza kwa urahisi. Utachukua kipande cha tairi lile lile, utakipigilia chini ya sanduku la mbao, utalijaza mchanga mpaka liwe zito, na uzito wake utaujua. Kisha utalivuta juu ya tope kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia pamba, na utasoma mizani inasema nini wakati sanduku linateleza. Ukigawanya nguvu ya kuvuta kwa uzito wa sanduku, umeipata namba ya tope lile na tairi lile. Ukiwa na namba hiyo na urefu wa mchirizi, kasi inajitokeza yenyewe. Mteremko nao una hesabu yake, lakini pale kwenye michirizi ulikuwa umeshalala karibu kuwa tambarare.

Hakimu aliruhusu tuchukue tairi moja la lori lililokuwa kituo cha polisi, kwa sharti kwamba askari awepo. Tulipolitoa, Mwalimu alipitisha kiganja juu yake mara moja. Lilikuwa kipara. Halikuwa na hata alama moja ya maua ya mpira.

"Nahitaji na zima," alisema, "nilinganishe."

Afisa usafirishaji wa kile chama alikuja nyumbani kwake mwenyewe baada ya habari hizo kumfikia. Nilikuwapo. Alikuwa mtu mpole wa maneno, suti ya Kaunda, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Nasikia unatusaidia kupima barabara. Ni jambo jema. Barabara zetu ni mbaya, serikali inajua. Ila haya mambo ya matairi, nilikuwa naona hayana haja. Pima barabara, matairi uyaache."

"Barabara peke yake haina msuguano," Mwalimu alimjibu. "Nipe tairi zima moja. Kama hakuna tofauti, nitasema hakuna tofauti."

Afisa alitabasamu. Alisema kila dereva wa Usukuma anajua kwamba kwenye tope la mbuga tairi jipya na kuukuu yote ni sawa, na kesho yake akatuma tairi jipya kwa mkokoteni. Nadhani aliliamini kweli neno lake. Lakini kabla ya kuondoka, akiwa mlangoni, aliongeza, kwa sauti ile ile ya upole, kwamba mwalimu wa serikali anaweza kufanya kazi popote nchini, na kwamba huko magharibi wana uhaba mkubwa. Mwalimu alifunga mlango bila kumsindikiza.

Tulichokosa ni mvua. Nilimwambia tumwage maji ya mapipa. Alijaribu mara moja kwenye kipande cha njia, akavuta, akatikisa kichwa. Maji yaliyomwagwa yalishuka kwenye nyufa, juu kukabaki vumbi lililonata. "Siku ile mvua ilinyesha juu ya vumbi la kiangazi," alisema. "Nataka vumbi kama lile na mvua kama ile. Nikidanganya hapa, nimeharibu yote."

Basi tukasubiri. Shinyanga mvua ya kwanza ikishanyesha inaweza kukimbia wiki kadhaa, na mwaka ule ilikimbia. Vumbi lilirudi barabarani. Mawingu yalijikusanya kila alasiri upande wa ziwa, yakatuletea upepo, yakaondoka. Tarehe ya kesi ilikaribia. Nilikwenda rumande kumpelekea Masanja chakula, naye kila mara aliniuliza jambo moja tu, "Mwalimu ameshapima?" Nikimwambia bado, aliinamia sahani. Nilianza kuchukia anga safi. Siku nyingine nilimwona Mwalimu akitoka darasani katikati ya kipindi na kusimama uwanjani, uso umeelekea juu, chaki mkononi, na wanafunzi wote dirishani wakimtazama.

Ilinyesha Jumamosi asubuhi, kesi ikiwa Jumatatu. Tulitoka na baiskeli yake, mimi nimekaa nyuma, tope likijaza magurudumu hata ikabidi tushuke na kuisukuma. Askari alikuwa ameshafika. Sanduku na mizani tulikuwa tumeviacha kwenye kituo cha ununuzi wa pamba jirani, na karani wa kituo alitusaidia kuvibeba.

Tulipoanza kufunga kamba, mzee mmoja alitoka upande wa nyumba zilizoko ng'ambo ya karavati. Alisimama na fimbo yake akitutazama.

"Mwangaluka, mayu," alitusalimia.

"Mwangaluka, baba," Mwalimu alimjibu. Kisukuma chake kiliishia karibu pale.

"Mnapima nini hapa?"

Karani aliniegemea sikioni akaninong'oneza kwamba huyo ndiye baba wa binti. Nilitamani Mwalimu aseme lolote, kwamba tunapima barabara kwa ajili ya serikali. Huyu ndiye mtu aliyedanganya wageni kila siku mlangoni kwake.

"Tunapima utelezi, baba," alisema. "Lile lori lililomuua mwanao. Nataka kujua lilikuwa linakwenda kasi gani."

Mzee alilitazama sanduku na tairi lililopigiliwa chini yake. Mvua ndogo ilikuwa inaendelea. Kisha aliuliza, "Na huyu ni nani?" akininyooshea fimbo.

"Huyu ni dada wa dereva."

Alinitazama. Alichoma fimbo yake kwenye tope, akaiacha imesimama, akaja akashika kamba nyuma ya karani.

"Tuvute," alisema.

Walivuta askari, karani na yule mzee, taratibu kama Mwalimu alivyowaagiza, naye alitembea kando ya mizani ameinama, mtandio umelowa, akisoma kwa sauti. Tairi kipara halikuwa na ukaidi wowote. Lilikwenda juu ya tope kama ulimi juu ya mafuta. Walilivuta tena na tena, sehemu mbalimbali za njia, kisha wakabadilisha, wakapigilia tairi jipya, na sasa niliwaona wakiweka miguu chini na kukaza migongo. Hata mimi nisiyejua fizikia niliiona tofauti. Mzee naye aliiona. Alipomaliza alifuta viganja kwenye shuka lake, akang'oa fimbo.

"Wabeja, mayu," alimshukuru Mwalimu, na kwangu hakusema kitu.

Jibu alinipa jioni ile uani kwake. Tope lile na tairi lile kipara vilishika kwa sehemu moja kwa tano tu ya uzito. Kwa hiyo lori halikuwa likienda themanini. Mkaguzi alikosea sana. Nilianza kumshukuru Mungu kwa sauti.

"Subiri," Mwalimu alisema. "Halikuwa likienda thelathini pia. Lilikuwa likienda karibu na hamsini."

Nilikaa chini. Nilimwambia pengine amekosea mahali. Alisema amerudia. Nilimwambia aseme tu kwamba si themanini, aishie hapo, wakimuuliza zaidi aseme hajui. Alitikisa kichwa. Nilimwambia maneno mengine ambayo jirani hamwambii jirani, na yeye aliyapokea mikono imefumbatwa mapajani.

"Hulazimiki kuniita," alisema mwishoni. "Usiponiita, siji. Mwulize mwenyewe."

Jumatatu kabla mahakama haijafunguliwa niliruhusiwa kuzungumza na Masanja dakika chache. Nilimweleza kila kitu. Nilimwambia tunaweza kuacha. Alikuwa amekonda, shati linaning'inia. Alitazama sakafu.

"Alisema hamsini?"

"Karibu na hamsini."

Aliinua macho. "Mwite," alisema.

Mwendesha mashtaka alikuwa inspekta mwenye sauti nzito, na alimchukulia Mwalimu kama mtu wa kupitishia muda.

"Wewe mama, siku ya ajali ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Basi unajuaje?"

"Mkaguzi wako naye hakuwepo. Sote wawili tumeyakuta matope. Mimi niliyavuta."

Watu walicheka, hakimu akawanyamazisha. Mwalimu alieleza kama alivyokuwa akieleza darasani mlango ukiwa umefungwa, bila haraka, akirudi nyuma akiona hakimu hajamfuata. Alisema themanini ni hesabu ya barabara kavu. Alisema hamsini. Nilimsikia mama yangu akiguna nyuma yangu, maana kwake ilikuwa ni kama shahidi wetu ametugeuka.

Hakimu aliweka kalamu chini akauliza mwenyewe. "Kama dereva angekuwa anakwenda thelathini kama anavyosema, lori lingesimama kabla ya karavati?"

Mwalimu alimtazama Masanja kizimbani kwanza, kisha akamjibu hakimu. "Lingesimama, mheshimiwa. Mbali."

"Na angekuwa anakwenda hiyo hamsini yako, lakini ana matairi mazuri?"

"Lingesimama pia. Karibu, lakini lingesimama."

Afisa usafirishaji alikuwa amekaa safu ya mbele. Aliivua kofia yake, akaivaa, akaivua tena. Baba wa binti alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, na mtu mmoja alikuwa akimtafsiria zile hesabu kwa Kisukuma, na nilipogeuka nilimwona amefunga macho.

Masanja alitiwa hatiani kwa kosa dogo kuliko lile la kwanza, la kuendesha bila uangalifu, akafungwa mwaka mmoja badala ya ile mitano tuliyoiogopa. Hakimu alisema mahakamani kwamba mwenye lori naye anastahili kuulizwa. Sikusikia kama aliulizwa, ila msimu uliofuata malori ya chama kile yalionekana na matairi mapya.

Ungetarajia tushukuru. Mama yangu alirudisha sukari aliyotumiwa na Mwalimu, siku ambazo sukari ilipatikana kwa foleni. Mimi nilimsalimia kwa sababu tu tulichota maji bomba moja. Jioni nilisikia redio yake kupitia ukutani, taarabu zile zile, na sikugonga. Nilikuwa nikijiambia kwamba mtu mwenye moyo angepunguza hata kidogo. Muhula uliofuata uhamisho ulikuja, Ushirombo, magharibi kabisa. Sijui kama ni yule afisa. Mwalimu alifunga vitu vyake, akapakia baiskeli juu ya lori la mtu mwingine, na yeye akasafiri kwa basi. Alinipa mkono, nami nikampa.

Miaka ikapita. Katikati ya miaka ya themanini nilitumwa Ushirombo kusimamia mitihani. Niliulizia, nikaambiwa amestaafu, anaumwa miguu, anakaa karibu na misheni, Mwislamu peke yake kwenye mtaa wa Wakatoliki, na watoto wa majirani humchotea maji. Nilikwenda alasiri baada ya mtihani, sijui bado nitasema nini.

Uani kwake palikuwa na mtu anapasua kuni. Alipoinua kichwa nilimtambua.

"Shikamoo, dada," alisema Masanja.

"Marahaba. Unafanya nini hapa?"

"Napasua kuni."

Nilijua yuko upande wa Bulyanhulu siku zile, akiendesha pikapu ya kubebea wachimbaji wadogo na vyakula vyao. Sikujua kwamba Ushirombo ipo katika safari zake. Mwalimu alikuwa kibarazani, amenenepa, miguu juu ya kigoda. Aliniambia nikae, akamwita Masanja naye akae, akatusogezea karanga kwenye sinia. Nilimuuliza mdogo wangu ameanza lini kuja hapa.

"Tangu nilipotoka. Nilikuja huku kwanza, kabla ya kufika Didia."

Nilikumbuka mama alivyomngojea wakati ule, kuku ameshachinjwa, na yeye hakutokea siku aliyotarajiwa. Nilimuuliza kwa nini. Alikuwa akimenya karanga, akaziweka zote mkononi bila kula.

"Saa ya mwendo ya lile lori ilikuwa imekufa tangu nakabidhiwa," alisema. "Thelathini nilisema kwa sababu ndiyo kasi tuliyoagizwa. Sikuwa najua nilikwenda ngapi, dada. Rumande nilikaa najiuliza hilo tu. Polisi wananiambia themanini. Wewe na mama mnaniambia sina kosa. Nilitaka mtu mmoja aniambie nimewaua kwa kiasi gani. Yeye akaniambia."

"Sikukuambia hivyo," Mwalimu alisema. Sauti yake ilikuwa ile ile ya maabara. "Hicho hakina mizani, Masanja. Nilikuambia gari lilikwenda kasi gani. Usichanganye."

"Mchana sichanganyi, Mwalimu. Usiku ndiyo nachanganya. Ndiyo maana nakuja."

Mwalimu aliishusha miguu yake kigodani, mmoja baada ya mwingine, akavuta kiti mpaka magoti yao yakakaribia kugusana. Kisha akaanza kumweleza tangu mwanzo: ile mvua juu ya vumbi, tairi, uzito wa sanduku, watu waliovuta, mizani ilisema nini kila walipovuta. Alieleza polepole, naye Masanja alisikiliza kama mtu ambaye ameshasikia mara nyingi na anaogopa neno moja lisije likabadilika. Alipofika kwenye hamsini, mdogo wangu alifumba macho na kuitikia kwa kichwa. Mwalimu hakuishia hapo. Aliendelea mpaka kwenye matairi, na pale ambapo mazuri yangelisimamisha lori.